Kufuli Jekundu la Reijo

Alhamisi ile, saa saba na dakika kumi mchana, waliokuwemo katika Nyumba ya Majaribio walikuwa hawa wafuatao. Annika Holmsten, mkuu wa maabara. Reijo Kettukangas, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, aliyekuwa fundi umeme wa mashine ya tatu katika kiwanda cha karatasi kilichofungwa, na sasa mwanafunzi. Kauko Pelkonen, mwendesha winchi wa kiwanda hicho hicho, naye sasa mwanafunzi. Wanafunzi wengine watatu, ambao hadithi hii haitawahitaji tena. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nyumba ya Majaribio haikuwa nyumba. Ilikuwa ukumbi mmoja katika chuo cha ufundi cha Hallaperä, wenye ukuta mzima uliojaa vifaa vile vile ambavyo siku hizi hufungwa katika majengo ya watu na kuunganishwa na mtandao: makufuli ya milango yanayofunguliwa kwa simu, kamera, mita za maji, vidhibiti vya joto. Wanafunzi walifundishwa kuvishambulia kama wezi ili baadaye wajue kuvilinda. Kosa lolote lililofanyika humo halikupaswa kumdhuru mtu yeyote. Ukumbi ulijengwa kwa sababu hiyo.

Asubuhi ya siku hiyo Reijo alikuwa amekuja na kufuli jekundu lililochongwa jina lake. Kiwandani, hakuna fundi aliyeamini kwa kuambiwa tu kwamba umeme umekatwa. Kila mmoja alitundika kufuli lake mwenyewe kwenye swichi, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake mpaka kazi ilipokwisha.

"Mwalimu, hili nilitundike wapi?" aliuliza.

Holmsten, ambaye alikuwa na umri wa binti yake kama angekuwa na binti, alitabasamu. "Hapa hakuna swichi, Reijo. Kati ya chumba hiki na dunia kuna ukuta, lakini ni ukuta wa programu."

"Nimeuliza kwa sababu siuoni."

"Mke wangu naye hauoni mshahara wangu," Kauko akadakia, "na bado anaamini upo."

Wote walicheka, Reijo akiwamo. Akalirudisha kufuli mfukoni.

Zoezi la nne lilimtaka aingie katika kidhibiti cha joto na kuifunga vali ya maji ya moto. Aliingia. Alituma amri. Skrini ikaandika: imefungwa. Reijo akainuka, akapiga hatua tatu hadi kwenye kipasha joto kidogo kilichofungwa ukutani, akaweka kiganja juu yake. Akasubiri. Akaweka kiganja cha pili.

"Haijafunga," alisema.

"Skrini inasemaje?"

"Skrini inasema imefungwa. Mkono wangu unasema haijafunga."

"Kipasha joto hakipoi mara moja."

"Hiki kidogo hiki? Jana kilipoa kabla Kauko hajamaliza kupiga chafya. Mwalimu, kiwandani kitu kisipotii, tunaacha kila kitu na kwenda kukitafuta."

Holmsten alitazama saa. Mazoezi matatu yalikuwa bado. "Tutalitazama baadaye. Endelea na zoezi la tano, tafadhali."

Reijo akatoa daftari lake, la aina ile ya zamu yenye jalada gumu la kijani, akaandika kwa penseli: Saa 7.10. Amri ya kufunga imetumwa. Skrini: imefungwa. Mkono: moto. Namba ya kidhibiti kwenye skrini, yote, tarakimu kumi na mbili. Mkuu ameambiwa. Ameagiza tuendelee.

Kisha akaendelea.

*

Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Katika jengo la makazi la milango arobaini kando ya ziwa, alimokaa pia Reijo, umbali wa kilomita mbili kutoka chuoni, Hilma, mama mkwe wa Reijo, aliona saa tisa kwamba paka wake amehama kutoka chini ya dirisha na kupanda juu ya jiko. Saa kumi yeye mwenyewe alivaa koti la marehemu mumewe na viatu vya sufu. Saa kumi na moja Tellervo, binti yake na mke wa Reijo, aliporudi kutoka zamu ya mchana katika makao ya wazee, alimkuta mezani na kofia kichwani, akinywa supu ya njegere ya Alhamisi.

"Mama, mbona hukupiga simu?"

"Nimpigie nani? Mwenyekiti wa kamati ya jengo si wewe?"

Tellervo alikuwa mwenyekiti kweli. Alishika kipasha joto, kisha akashuka ngazi mbio. Jengo lilikuwa limekwisha kukabidhi matengenezo yake kwa kampuni ya mjini, na mtu wa zamu alifika saa kumi na mbili, akaikuta vali imefungwa kabisa, akaifungua kwa mpini wa mkono. Hakuna aliyeumia. Lakini bomba lililopita karibu na mlango wa nje, katika chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, yaani bafu la mvuke wa mawe ya moto, lilikuwa limeganda na kupasuka. Maji yalipoanza kutembea, yalitembea sakafuni. Mbao za kuta zilivimba, jiko la umeme la sauna likaungua, na sauna pekee ya watu wa milango arobaini ikafungwa kwa utepe wa njano.

Mjini kwetu mtu anaweza kusamehewa kuchelewesha kodi. Kuwanyima watu sauna katikati ya Februari ni habari nyingine.

*

Kufikia Jumamosi, baada ya kampuni kusoma kumbukumbu za kidhibiti, kila ngazi ilikuwa imekwisha kujua kwamba amri iliyofunga vali ilitoka chuoni, na kwamba mkono ulioituma ulikuwa wa Reijo. Karatasi ya zamu za sauna ilikuwa bado imebandikwa ukutani, ijapokuwa haikuwa na kazi tena. Mtu alikuwa amechukua kalamu akalikata jina la Kettukangas, saa kumi na moja Jumamosi, kwa mistari miwili iliyonyooka.

Reijo alikuwa akiitazama mistari hiyo Veikko Sormunen alipotoka na ndoo ya taka. Veikko alikaa mlango wa chini yao, na kwa miaka ishirini walikuwa wamepeana zamu za sauna bila kutazama saa.

"Jirani," alisema Veikko, "kiwanda mlikizima, tukanyamaza. Sasa na sauna?"

"Kiwanda hawakukizima mafundi, Veikko."

"Najua. Lakini waliokizima hawakai hapa, na wewe unakaa hapa. Nimtukane nani?"

"Ni wewe uliyekata jina langu?"

"Mimi ningelikata kwa kupinda," Veikko alisema. "Hiyo mistari ni ya mtu mwenye rula." Akaenda zake, theluji ikilia chini ya viatu vyake.

Dukani, mwanamke wa mlango wa kumi na tisa alimwuliza Reijo kwa sauti ya kusikika kama ni salama kusimama naye karibu na friji.

*

Jumanne Reijo aliitwa katika ofisi ya Pasi Rautavuori, msimamizi wa majengo, la kwao likiwamo. Holmsten alikuwa amefika kabla yake. Mezani palikuwa na birika la kahawa, sahani ya mikate mitamu ya iliki, na vikombe vitatu. Viwili vilikuwa vimemiminwa. Cha tatu kilikuwa kimefudikizwa kwenye kisahani chake, na Rautavuori hakukigeuza.

Katika nchi ambayo hata mtu anayekuja kukusomea mita humiminiwa kahawa kabla hajavua kofia, Reijo alikielewa kikombe kile.

"Bwana Kettukangas, hakuna anayekutafutia ubaya," Rautavuori alianza. "Hii karatasi ni fupi. Inasema kwamba siku ya zoezi uliunganisha waya wako binafsi kinyume cha maelekezo, na kwamba kwa njia hiyo amri ikatoka nje ya maabara."

"Sikuunganisha waya wowote."

"Nakuelewa. Nisikilize basi. Bima ya chuo hulipa makosa ya wanafunzi. Hailipi makosa ya ujenzi wa maabara. Ukisaini, bima inalipa, sauna inatengenezwa kabla ya Pasaka, chuo kinakupa onyo la maandishi tu, unamaliza mafunzo yako mwezi wa tano. Mwanafunzi kukosea si aibu."

"Na nisiposaini?"

Rautavuori alipanga kalamu sambamba na ukingo wa karatasi. "Basi chuo hakitakuwa na njia ila kusimamisha mafunzo yako. Na jengo litalazimika kumdai mtu. Amri ni yako, hilo halibishaniwi."

Reijo alifungua daftari la kijani, akaligeuza kuelekea kwa Holmsten. "Mwalimu, soma mstari wa tano. Namba ya kidhibiti nilichokiona kwenye skrini yako. Ijumaa nilishuka chini, nikaisoma namba iliyobandikwa kwenye sanduku la kijivu la jengo letu. Tarakimu zote kumi na mbili ni zile zile."

"Namba ni namba," alisema Rautavuori.

"Namba ya kifaa ni kitambulisho chake. Mlikuja kunakili mipangilio ya kidhibiti chetu ili wanafunzi wapate nyumba ya kweli ya kufanyia mazoezi. Sawa. Lakini mlinakili na kitambulisho. Kule kwenye seva ya watengenezaji, vifaa viwili vinaitika jina moja. Nilimwita wa kwako, akaitika wa kwetu. Skrini haikudanganya siku ile, mwalimu. Ilisema kweli, ila kuhusu nyumba nyingine."

Holmsten hakuwa amegusa mkate wake. Alisoma mstari wa tano, kisha wa sita, ule ulioandika kwamba mkuu ameambiwa.

"Umekikagua kidhibiti cha maabara tangu siku ile?" Reijo aliuliza.

"Nimeagizwa nisiguse kitu mpaka watu wa bima wamalize," alijibu kwa sauti ndogo. "Na Jumatatu ijayo kundi jipya linaanza."

"Kwa hiyo kiko vile vile."

Rautavuori alisukuma karatasi hadi mbele ya kikombe kilichofudikizwa. "Chukua nyumbani. Soma na mkeo. Jumapili wakazi watakutana, tutahitaji jibu."

*

Tellervo aliisoma karatasi akiwa amesimama, bado na koti la kazi.

"Saini," alisema.

Reijo alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama.

"Usinitazame hivyo, Reijo. Aibu haiui mtu. Ukifukuzwa chuoni, nani atakuajiri? Una miaka hamsini na mitatu. Na mimi ndiye niliyetia saini ruhusa ya wao kunakili sanduku lile. Mimi, mwenyekiti! Unafikiri napita vipi kwenye ngazi?"

"Hukujua."

"Sikuuliza. Ni tofauti. Walisema ni kwa ajili ya mafunzo, nikawaza kwamba mume wangu ni mwanafunzi, nikasaini. Sasa saini na wewe, tuwe tumefanana."

Hilma alikuwa ameketi pembeni ya jiko na paka mapajani. Tangu Alhamisi alikuwa akishinda kwao, akidai kwamba kwake bado kuna harufu ya baridi.

"Mkwe wangu," alisema, "hiyo karatasi imesemaje? Kwamba uliunganisha waya?"

"Ndiyo, Mama."

"Na huo waya uko wapi?"

"Haupo."

"Basi wanaokudai waulete kwanza, nao useme uliunganishwa na nani." Alimgeukia binti yake. "Na wewe unataka mumeo akiri kosa la waya usiokuwepo, ili watu wakaoge?"

"Mama, nataka tuendelee kuishi hapa. Rahisi kusema ukiwa na miaka themanini na minne. Wewe hakuna anayekuuliza friji."

"Waniulize. Meno sina, ulimi ninao."

Reijo aliosha mikono, akaketi. "Tellervo. Nikisaini kwamba waya ulikuwa wangu, basi ugonjwa ni mimi, na dawa ni kuniondoa mimi. Hakuna atakayekigusa kile kidhibiti. Jumatatu watu wapya watakaa kwenye kiti changu, watafika zoezi la nne, watatuma amri ile ile."

"Watakuwa wameonywa."

"Waonywe nini? Wasiunganishe waya?"

Tellervo alivua koti, akalitupa kitini kwa hasira. Walikula viazi na samaki. Karatasi ilibaki mezani, chini ya kopo la chumvi.

*

Ijumaa, katika makao ya wazee, Tellervo alikwenda chini kuchukua mashuka. Njia ya kwenda stoo hupita chumba cha mabomba, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu mtunza jengo alikuwa akibadilisha taa. Ukutani palikuwa na sanduku la kijivu. Tellervo alikuwa amepita hapo kwa miaka tisa bila kuliona.

"Hili ni kama la kwetu," alisema.

"Ni lile lile," alijibu mtunza jengo kutoka juu ya ngazi. "Nusu ya mji wanalo. Si alikuja yule dada wa chuo mwezi uliopita, akalinakili? Anasema makao ya wazee ni mfano mzuri sana kwa mafunzo. Jumatatu wanaanza nalo."

Tellervo aliweka mashuka chini, sakafuni, jambo ambalo humwonya kila msaidizi mpya asilifanye. Juu yao kulikuwa na vitanda thelathini na kimoja. Alijua ni wazee wangapi kati ya waliolala humo wanaoweza kuinuka wakavaa koti wenyewe: wanne. Aliweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa la moto. Alikiacha hapo mpaka mtunza jengo akamwuliza kama anajisikia vizuri.

Jioni alipofika nyumbani hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainua kopo la chumvi, akaikunja karatasi mara nne.

"Usisaini," alisema.

Hilma alimtazama juu ya miwani. "Leo umekula nini?"

"Nyamaza, Mama. Reijo, hata wakikuletea sauna ya dhahabu. Usisaini."

*

Jumapili saa nane mchana wakazi walikusanyika katika chumba cha mikutano kilicho kando ya chumba cha kufulia. Walikuja wa milango ishirini na sita. Rautavuori alikaa mbele na Holmsten kando yake, kompyuta ndogo mapajani. Harufu ya mbao zilizooza maji ilitoka saunani na kuingia bila kubisha hodi.

Tellervo alifungua mkutano, akapiga meza kwa nyundo ndogo, akasema: "Jambo la leo linamhusu mume wangu. Sheria inanitaka niondoke kwenye kiti. Nitaandika kumbukumbu tu. Naomba mchague mwenyekiti."

"Veikko!" walisema watu wawili, na kwa kuwa hakuna aliyetaja jina jingine, Veikko akapewa nyundo. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Rautavuori alieleza mambo yake kwa utaratibu: karatasi, bima, Pasaka. Aliposema Pasaka, watu waliguna kwa ridhaa.

"Basi ni saini tu?" aliuliza mwanamke wa mlango wa kumi na tisa. "Saini moja na tunaoga? Reijo, mwanangu, una kalamu?"

Kicheko kikapita chumbani. Reijo aliinuka kicheko kikiendelea bado.

"Ninayo penseli," alisema. "Mwenyekiti, naomba dakika tano na ruhusa ya kwenda chumba cha mabomba. Wote. Pamoja na mwalimu na kompyuta yake."

"Kufanya nini?" Rautavuori aliuliza.

"Inasemwa kwamba amri ilitoka kwa waya wangu. Leo sina waya, sina kompyuta, mikono yangu iko hapa. Mwalimu aingie katika Nyumba yake ya Majaribio kwa mlango wake mwenyewe, atume amri ya zoezi la nne kwa mkono wake. Sisi tusimame mbele ya vali yetu. Ikikaa kimya, nitasaini hapo hapo, juu ya bomba."

"Hilo haliwezekani," alisema Rautavuori. "Ni mfumo wa watu, kuna taratibu."

"Ni mfumo wa watu gani?" Hilma aliuliza kutoka mstari wa mwisho. "Vali ni ya nani? Mimi nalipia vali hiyo tangu wewe hujaota ndevu."

Veikko alikuna kidevu. Kisha akapiga meza, kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Vali ni ya wakazi. Kuna mkazi anayepinga ijaribiwe kwa dakika moja, Reijo akiwa ameshika mpini wa kuifungua?" Akahesabu mpaka tano. "Hakuna. Tellervo, andika. Dada Holmsten, unakubali au hukubali?"

Kila mtu alimgeukia Holmsten. Rautavuori alimwambia jambo kwa sauti ya chini. Waliokuwa karibu walisikia neno bima. Holmsten alifunga kompyuta yake, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba ataondoka. Kisha akasimama nayo kifuani.

"Chumba cha mabomba ni kipi?" aliuliza.

Hawakuenea wote. Walisimama mlangoni na katika korido, wenye slipa na wenye viatu vya theluji, wakapeana habari nyuma kwa nyuma. Reijo alisimama kando ya vali, mkono wa kushoto juu ya mpini, wa kulia juu ya bomba. Juu ya vali palikuwa na mota ndogo, si kubwa kuliko kikombe cha kahawa. Holmsten aliweka kompyuta juu ya ngazi fupi iliyokuwa ukutani. Alieleza kila hatua kwa sauti, kama afanyavyo darasani. "Naingia katika maabara. Nachagua kidhibiti cha mazoezi. Natuma amri ya kufunga." Kidole chake kilisita. "Nimetuma."

Reijo aliinama, sikio karibu na mota.

Kisha mota ikalia. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama wa nzi aliyenaswa kati ya vioo viwili vya dirisha, lakini katika korido waliusikia hadi mlangoni mwa chumba cha kufulia. Kishale kilichopakwa rangi juu ya vali kiligeuka polepole kutoka wazi kwenda fungwa, na hapakuwa na mkono juu yake.

"Yesu wangu," alisema mwanamke wa mlango wa kumi na tisa.

Reijo aliizima mota, akausukuma mpini mpaka kishale kikarudi mahali pake. Holmsten alikuwa akiitazama skrini yake iliyoandika: imefungwa.

"Uliniambia," alisema. "Saa saba na dakika kumi uliniambia, nikakuagiza uendelee. Andika na hilo, Tellervo."

"Ngoja kwanza," Rautavuori alisema, akipenya. "Wakazi, tuelewane. Hili halibadilishi hesabu. Tukisema hivi nje, bima hailipi. Sauna itakaa hivyo hivyo mwaka mzima, pengine miwili. Bwana Kettukangas, chuo hakitakuwa na nafasi yako. Mnaweza bado kulimaliza hili kwa busara, kwa saini moja."

Hakuna aliyeguna safari hii. Watu walitazamana, kwa maana mwaka mzima bila sauna ni mwaka mzima, na ukweli haupashi mawe joto. Veikko alishika nyundo yake mikono miwili.

"Jirani," alimwambia Reijo, "mimi siwezi kukuamulia. Naweza kusema tu kwamba jina lako lilikatwa kwa rula, na mwenye rula yupo hapa, na anasikia. Kura tupige au tusipige?"

"Pigeni mkitaka. Mimi nimekwisha amua, na sitaki mtu ayapate maneno yangu kwa kusimuliwa." Reijo alitia mkono mfukoni, akatoa kufuli jekundu. Aliupitisha upinde wake wa chuma katika mpini wa vali na katika tundu la mota, akalifunga. Lililia mara moja, sauti kavu. Ufunguo akauweka katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Karatasi sisaini, leo wala kesho," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa ofisi ya mji na daftari hili na kumbukumbu za mkutano huu. Nitataka vidhibiti vyote vilivyonakiliwa vikatwe, wakianza na makao ya wazee, kabla kundi jipya halijakaa kwenye viti. Wakichelewa, Kauko nami tuna makufuli mengine thelathini kutoka kiwandani, na tunajua vali zote za mji huu zilipo. Wakinifukuza chuoni, wanifukuze kwa jambo nililolifanya. Na hili hapa halitafunguliwa mpaka nione kwa macho yangu nakala imefutwa. Anayeutaka ufunguo, nakaa mlango wa kumi na mbili. Aje mchana, abishe hodi. Kahawa itakuwepo."